Ini Langu Halijui Kiingereza

Kijana wa mapokezi pale kliniki ya Columbus alikuwa na adabu. Hilo Bamurange hakumnyima hata baadaye, alipokuwa akisimulia kisa chenyewe kwa watu waliotamani kusikia kwamba alitukanwa. Hakutukanwa. Kijana alisimama, akamvutia kiti, akamuuliza kama angekunywa maji, kisha akasema maneno mengi huku macho yake yakiwa kwa Shami.

"Anasema nini?" Bamurange aliuliza.

Shami, binti yake, alijikuna shingoni. Walikuwa wametoka Louisville kabla ya jua kuchomoza, yeye akiendesha gari, mama yake akiimba nyimbo za kanisani njia nzima kwa furaha.

"Anasema asante kwa kuja, Mama. Na anasema pole."

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

"Bon, ni hivi. Utafiti wao ni wa watu wanaosoma Kiingereza. Ile karatasi ya kukubali iko kwa Kiingereza tu, na lazima uisome wewe mwenyewe. Kama huisomi, hawawezi kukuingiza."

Mwanzoni mwa mwaka ule munganga wa Bamurange, daktari wake wa Louisville, alikuwa amemwambia kwamba damu yake ina virusi vya homa ya ini, vile vya aina ya B, na kwamba huenda alizaliwa navyo. Alipewa kidonge cha kila siku. Kidonge kile, munganga alimweleza kupitia mkalimani wa simu, kinavilaza virusi usingizi, hakiviui. Kisha akaongeza kwamba kuna sindano mpya inayojaribiwa katika miji kadhaa, na nia yake ni kuvifagia kabisa. Kama inafaulu au haifaulu, bado hakuna anayejua; ndiyo maana inajaribiwa. Mji wa karibu ulikuwa Columbus. Bamurange alifanya kazi ya kufunga maboksi ya viatu ghalani. Alibadilishana zamu na mwenzake, akavaa kitenge anachokivaa kwenye harusi za watu, akaja.

"Mwambie ini langu halijui Kiingereza," alisema. "Limeugua bila kusoma."

Shami akamgeukia kijana, akasema kitu kifupi, laini. Kijana akatabasamu kwa huruma.

"Hukumwambia hivyo."

"Nimemwambia kwa njia nzuri zaidi."

"Miye sikutaka njia nzuri."

Akasimama, akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, akamtazama kijana usoni, na kwa Kiingereza chake cha ghalani, kile cha maboksi na mizani, akamwambia mwenyewe: ini hili hapa ni gonjwa, halisemi Kiingereza, na ni gonjwa vilevile.

Kijana hakucheka. Alifikiri kidogo, akainua simu, akazungumza na mtu, halafu akamwandikia Shami namba. Utafiti huohuo unafanyika Buffalo pia, alisema, na mratibu wa kule ni Mkenya. Labda yeye anaweza kuulizia karatasi ya Kiswahili.

Mchana ule walikula kwa Mizero, binamu wa Bamurange, mtoto wa mama yake mdogo, aliyepanga ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu mtaani Linden. Mkewe alikuwa kazini, kwa hiyo alipika mwenyewe, wali na maharagwe na sombe ya majani ya muhogo, na alipopakua hakuacha kusema.

"Yaya, dada yangu, achana nao. Wanatafuta panya wa kujaribia dawa zao. Donc, kwa kuwa wamekukataa, shukuru Mungu. Urudi Louisville, umeze kidonge chako, ufunge mdomo. Watu wakijua una ugonjwa huu, kanisani hakuna atakayegusa kikombe chako."

"Weye umepimwa?"

"Miye? Miye ni mzima."

"Sikuuliza kama ni mzima. Nimeuliza kama umepimwa."

Mizero akajishughulisha na sufuria.

"Panya haombi kuingia," Bamurange akamwambia. "Anakamatwa. Miye nimekuja kwa miguu yangu, naomba, na wanaoniombesha hawajanitazama hata usoni. Nitaenda Buffalo."

Mratibu wa Buffalo aliitwa Cherotich. Alikuja Marekani kusomea afya ya jamii, akabaki. Katika simu alisema kwamba kutafsiri karatasi si kazi kubwa, kazi ni kuifanya kamati ya maadili ya utafiti iikubali. "Lakini nipe muda, Mama. Nitawasumbua."

Aliwasumbua kweli. Majani ya miti yalikuwa yameanza kuwa mekundu alipopiga tena: karatasi ya Kiswahili ipo, imetafsiriwa na kampuni fulani, kamati imeipitisha. Ila waje upesi, kwa sababu nafasi zinakaribia kufungwa.

Walilala kwa Mizero, asubuhi wakaendelea kaskazini. Zahanati ilikuwa mtaa wa Lower West Side, ng'ambo ya duka la Waburma linalouza samaki wakavu. Cherotich aliwapokea mlangoni. Alikuwa ameleta chai ya maziwa kwenye chupa kutoka nyumbani kwake, na aliposema, "Karibu, Mama, pole na safari," mabega ya Bamurange yalishuka yenyewe. Tangu aambiwe ugonjwa wake hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kumpa pole kwa lugha anayoiota.

"Soma polepole," Cherotich alisema. "Ukiwa na swali, uliza."

Bamurange akavaa miwani. Kusoma hakukumpa shida. Biblia yake ilikuwa ya Kiswahili, na ndiye aliyewafundisha watoto kanisani. Ukurasa wa kwanza ukapita. Kwenye wa pili kidole chake kikasimama.

"Mutoto wangu, hapa wanasema, 'Utawekwa katika mkono mmoja kati ya mikono miwili.' Mikono ya nani?"

Cherotich akavuta karatasi, akasoma, akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa. "Ni makundi, Mama. Kwa Kiingereza chao cha utafiti kundi linaitwa mkono. Moja litapata dawa, lingine litapata maji ya chumvi tu, yasiyo na dawa."

"Basi waandike kundi." Akaendelea. "Na hapa: 'Huu ni utafiti wa upofu maradufu. Wewe na daktari wako mtakuwa vipofu.' Hii sindano inapofusha? Na munganga naye anajidunga?"

Shami aliangua kicheko, Cherotich naye akacheka mpaka akatafuta kitambaa. Bamurange, ambaye hakuwa mtu wa kununa, alicheka pamoja nao. Alipoelezwa kwamba maana yake ni kuwa si yeye wala daktari atakayejua amepewa kipi mpaka mwisho, alitikisa kichwa akasema huo si upofu, hiyo ni siri, na siri anaielewa. Kisha akauliza kuhusu ini lake ambalo, kwa mujibu wa karatasi, lingeweza kulipuka.

"Halilipuki, Mama! Linaweza kuvimba, na vipimo vikapanda ghafla. Ndiyo maana tutakupima mara kwa mara."

Walikuwa bado wakipangusa machozi walipofika ukurasa wa mwisho. Pale Bamurange akaacha kucheka.

"'Unaweza kuondolewa katika utafiti wakati wowote bila kutoa sababu.' Kuondolewa. Donc mtanitoa siku mtakayotaka, na mimi nisiambiwe kwa nini?"

Cherotich akatafuta karatasi ya Kiingereza, akaziweka mbili sambamba. Uso wake ukabadilika.

"Hapana. Ni kinyume kabisa. Kiingereza kinasema wewe unaweza kuondoka. Wakati wowote, na huna haja ya kumpa mtu sababu."

"Basi huo ulikuwa mlango wangu," Bamurange alisema, "na mmeufungulia upande wenu."

Cherotich alitoka, akarudi na daktari mkuu wa utafiti, mtu mrefu mwenye haraka, asiye mbaya. Alisikiliza amesimama. Kisha akaeleza, Cherotich akitafsiri, kwamba karatasi imekwisha kupitishwa jinsi ilivyo. Kubadilisha hata neno moja ni kuirudisha kwenye kamati, na kamati haina haraka. Mwezi ukiisha nafasi zinafungwa. Yeye alipendekeza hivi: maelezo yametolewa kwa mdomo, kila mtu chumbani ameyasikia, mama asaini leo, aanze vipimo leo, makosa yatasahihishwa baadaye.

"Mama, nakuomba," Shami alisema kwa sauti ya chini. "Tumeelewa sasa. Ni maneno tu."

Bamurange akavua miwani, akaikunja.

"Nilisaini karatasi ya Kifaransa siku tuliyoingia kambi ya wakimbizi. Nikasaini ya Kiingereza siku tuliyopanda ndege. Nikasaini nyingine ghalani, siku ya kwanza ya kazi. Zote nilisaini kwa sababu mtu alisimama juu yangu akaniambia ni maneno tu. Hii ni ya mwili wangu. Nitaisaini itakaposema kweli. Kabla ya hapo, sisaini."

Safari hii hakuna aliyelainisha kitu. Cherotich alitafsiri neno kwa neno, na Bamurange aliona kwenye uso wa daktari kwamba yamefika mazima.

"Anasema unaweza kuikosa nafasi."

"Mwambie nimesikia. Mwambie pia kwamba nyuma yangu atakuja mwingine, atapewa karatasi hii hii, na huyo hatauliza. Atachoka, atataka kutoka, atafikiri hana ruhusa."

Alimaliza chai yake, maana ilikuwa nzuri na aliyeileta aliileta kwa upendo. Akamshukuru Cherotich, akamshukuru na daktari, akatoka.

Waliliacha nyuma yao lile ziwa kubwa la Buffalo. Ndipo Shami alipoingiza gari kwenye kituo cha mapumziko, akazima injini, akaanza kusema kwa Kiingereza, haraka haraka, kama anavyofanya kila akikasirika. Mama yake akamwacha amalize.

"Sasa niambie na miye."

"Nimesema nimechoka!" Shami akapiga usukani. "Nimeomba ruhusa kazini mara mbili. Dawa ilikuwa pale, Mama, mlango wa pili. Siku tumbo lako likivimba, nitamwambia nani kwamba shida ilikuwa neno moja?"

Malori yalipita barabarani, moja baada ya jingine. Bamurange alitazama mbele.

"Bibi yako alivimba tumbo," alisema. "Mjomba wako Karaha naye. Unajua watu walisema nini kule kwetu? Sumu. Neno moja. Kulikuwa na mama jirani, Mukabutera, mjane. Alikuwa amewaletea maziwa, basi, ikawa ni yeye. Walimbomolea nyumba. Niliwaona wakimfukuza na watoto wake mvua ikinyesha, na miye nilikuwa mdogo kuliko mdogo wao. Kumbe ni hii hii iliyo ndani yangu. Bibi yako aliipata, akatuzaa nayo. Mukabutera alileta maziwa tu. Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza mara ya pili." Akamgeukia binti yake, akasema, "Miye nitauliza mara ya pili, Shami. Hata ikinigharimu dawa."

"Miye nataka uwe hai," Shami alisema. "Hilo tu. Mengine sijali."

Alikuwa analia sasa. Bamurange akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti yake pale kwenye usukani. Walikaa hivyo mpaka vioo vikaingia ukungu, kisha Shami akawasha gari.

Nyumbani maisha yakarudi pale pale. Ghala, kanisa, kidonge cha asubuhi. Kuna siku Bamurange alijiona mjinga. Alikuwa akiinua boksi, kichomi kikampita ubavuni, pengine ni boksi lenyewe, lakini aliogopa, akaikumbuka ile kalamu ya kusaini aliyoiacha mezani Buffalo. Alikasirika kwa kuogopa kwake.

Jumapili moja Cherotich akapiga simu.

"Mama, nimegombana na watu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahia ugomvi. "Daktari mwenyewe ameandikia kamati. Hakufurahi, lakini ameandika. Wamekubali tuirekebishe, na nafasi hazijajaa kama walivyodhani. Sasa niambie. Una karatasi na kalamu?"

Waliirekebisha kwa simu, Jumapili baada ya Jumapili, Cherotich akisoma, Bamurange akikataa au akikubali. Mikono ikawa makundi. Vipofu wakapona. Mlipuko ukawa uvimbe. Waligombana kuhusu neno jaribio, ambalo kwa Bamurange lilinuka majaribu ya shetani, na Cherotich akashinda kwa kusema kwamba Kenya nzima inalielewa. Kwenye ule mstari wa mwisho hawakugombana. Waliandika: *Una haki ya kuondoka wakati wowote utakao. Hutaulizwa sababu. Matibabu yako ya kawaida hayataguswa.* Cherotich aliusoma mara tatu kwa sauti.

Mahali pamoja tu Bamurange alijaribu kupenya. "Sasa tumekuwa ndugu," alisema. "Niahidi basi kwamba nitapata dawa yenyewe, si maji ya chumvi."

"Siwezi, Mama."

"Hata kwa siri?"

"Kompyuta ndiyo inayochagua, na hata mimi sitajua. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya, na wewe mwenyewe ungenipigia kelele."

Bamurange aliguna. Hakulipenda jibu lile, lakini lilikuwa jibu la kweli, akalichukua.

Alisaini kule Buffalo, katikati ya theluji ya kwanza. Kabla ya kusaini aliisoma karatasi nzima kwa sauti, toka juu hadi chini, daktari akiwa amesimama, na alipofika nusu daktari akavuta kiti akakaa. Hakuharakishwa. Sindano ya kwanza iliuma kama sindano nyingine yoyote. Kesho yake mkono ulivimba kidogo, wiki ile akawa na homa, na hakujua kama ni dawa au ni baridi ya Buffalo. Tangu siku hiyo aliifanya safari ile kila alipoitwa, kwa basi Shami alipokosa nafasi, na kila mara alilala kwa Mizero, na kila mara alimuuliza swali lile lile la kupimwa mpaka Mizero akaanza kwenda kulala mapema anapofika.

Sindano zilikwisha majira ya kuchipua. Vipimo vyake vilikuwa vimeteremka, lakini si kwa namna ambayo mtu angeapia, na Cherotich alimwambia wazi kwamba watangoja mpaka wote wamalize ndipo ijulikane nani alipewa nini. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuzidi. "Nimengoja mambo marefu kuliko hayo," Bamurange alimjibu.

Alichokataa kungojea ni kingine.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, kanisani kwao Louisville, watu hupewa nafasi ya kutoa ushuhuda. Bamurange alisimama. Alishukuru kwa safari, akashukuru kwa binti yake, kisha akasema ana homa ya ini, ile ya B, anayo tangu tumboni mwa mama yake, na kwamba wengi waliokaa humo ndani wanayo na hawajui.

Viti vikalia. Mzee wa kanisa Cyubahiro, mtu mwema aliyempokea uwanja wa ndege siku alipofika Amerika, akamsogelea na kumnong'oneza kwa heshima. "Mama Shami, mambo ya ugonjwa tunayasema pembeni."

"Pembeni ndiko tulikofia," Bamurange akamjibu, na hakunong'ona. "Mama yangu alifia pembeni. Kaka yangu alifia pembeni. Na wakati wanakufa, mtu asiye na kosa alifukuzwa kwake kwa sababu hatukuwa na jina la ugonjwa. Sasa jina ninalo. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe, hauambukizi kwa sahani, wala kwa mkono mkisalimiana nami. Unapimwa kwa damu kidogo. Watoto wana chanjo yake. Shami amepimwa, hana. Mzee, niache nimalize, halafu nitakaa."

Cyubahiro alitazama sakafu, akarudi kwenye kiti chake. Bamurange akamaliza. Alitaja kliniki anayotibiwa, barabara yake, na siku ambazo kuna mkalimani wa Kiswahili. Akakaa. Kwaya ilichelewa kuanza wimbo, na ilipoanza, ilianza vibaya.

Baada ya ibada kulikuwa na chakula, kama kawaida. Bamurange alikuwa amepika sombe, sufuria kubwa, na kwa desturi ndiyo ilikuwa ya kwanza kwisha. Siku hiyo watu walipita. Walichukua wali, walichukua nyama, wakaiangalia sufuria yake, wakaendelea. Shami alisimama karibu naye, akajipakulia sahani mbili na kuzila zote mbili mbele ya watu. Bamurange alibaki na mwiko mkononi, kidevu juu. Ilimuuma, lakini hakuondoka mezani.

Watu walipopungua, akaja Cibalonza, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, ambaye walikuwa hawajawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Alinyoosha sahani. Bamurange akampakulia. Cibalonza hakuondoka, alijifanya anamfunga mtoto vizuri, macho yake kule mlangoni alikosimama mumewe.

"Ile kliniki," alisema bila kugeuka. "Ulisema iko barabara gani?"

Bamurange, aliyekuwa ametangaza mbele ya kanisa zima bila kupunguza sauti, akainama juu ya sufuria kana kwamba anakoroga, na kwa sauti ya chini kabisa akamwelekeza.